Vyumba Sita na Korido

Jumamosi moja mwaka jana niliingia Kariakoo na tepu ya fundi mfukoni, daftari na kalamu mbili, kwenda kupima nyumba ya bibi. Hakuna aliyenituma. Ukoo ulikuwa umeshakubaliana kwamba nyumba itavunjwa. Mwekezaji alishaleta mkataba, mwanasheria alishausoma, na zilibaki sahihi za warithi wawili, mmoja wao shangazi yangu ambaye ndiye anayeishi humo. Mimi sahihi yangu haihitajiki popote. Nilikuwa na tepu tu.

Shangazi alinikuta nimepiga magoti barazani nasoma namba. "Sasa mwanangu," akasema, "unampimia nani suruali?"

Mbele, kona hadi kona, futi 29. Kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, futi 35. Korido futi 5 na inchi 4. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na hakuna hata kimoja kinacholingana na mwenzake sawasawa: hiki futi 11 kwa 11, kile kimepungua inchi mbili, kile kingine kona yake moja imevimba kwa sababu ukuta uliwahi kuloa na kukandikwa upya. Nilijaza kurasa nne. Niliporudi nyumbani na kujaribu kuchora ramani, ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa naijua tayari. Ni ramani ya nyumba ya jirani yake. Ni ya nyumba ya pili, ya tatu, ya mtaa mzima kama ulivyokuwa. Ni ya Ilala, ya Magomeni, ya Temeke, na kwa tofauti ndogo utaikuta Tanga, Morogoro mpaka Ujiji. Watu wanaiita nyumba ya Kiswahili, na kwa vile imetuzunguka kila upande, wengi wetu hatujawahi kuitazama.

Tuitazame basi, tukianzia barabarani.

Kwanza kuna baraza, benchi la udongo au sementi linaloambaa mbele ya nyumba chini ya paa lililochomoza. Baraza ni ya nyumba lakini pia ni ya mtaa. Mpita njia akikaa hapo kufunga kamba ya kiatu hafukuzwi. Hapo wazee hucheza bao, muuza kahawa huweka birika, na cherehani husimama asubuhi mpaka magharibi. Baraza ya bibi ina alama mbili za mviringo mahali mguu wa cherehani ulipokula sementi kwa miaka.

Baada ya baraza ni mlango, na mlango ukifunguka unaona moja kwa moja mpaka uani, kama bomba. Hiyo ndiyo korido, ambayo wazee huiita ukumbi. Haina dirisha. Mwanga wake ni wa milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na upepo wake pia ni huo huo, kwa hiyo mchana wa Februari, wakati mji mzima unachemka, korido ndiyo sehemu ya kulalia mkeka. Kila chumba kina mlango wake unaofungukia kwenye korido na dirisha lake dogo lenye nondo upande wa nje. Kisha ua: bomba, kamba za kuanikia, jiko la pamoja ambalo kwa kweli ni safu ya majiko ya mkaa, choo na bafu kwenye kona ya mbali, na banda lenye vyumba viwili vya ziada ambavyo bibi aliviongeza mwenyewe wakati mambo yalipokuwa mazuri. Mbele ni kwa wanaume na wageni, nyuma ni kwa wanawake na kazi, na katikati ni usingizi. Si kanuni iliyoandikwa mahali popote, lakini mtoto wa miaka 5 aliyekulia humo anaijua.

Nimesahau jambo moja ambalo ni kubwa kuliko yote. Kuta za vyumba hazifiki kwenye bati. Zinaishia kwenye usawa wa kenchi, na juu yake ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza mpaka cha sita. Joto hupanda na kutoka, vizuri kabisa. Na sauti nazo hupanda na kushuka chumba cha jirani. Bibi alikuwa anajua nani kagombana na nani, nani anakohoa kikohozi cha hatari, nani redio yake imeanza kuishiwa betri. Wapangaji wa nyumba ile walijifunza kunong'ona kwa namna ambayo sijaisikia kwingine. Siku hizi tunasema watu wa Uswahilini ni wambea; mimi nasema tuanze kwa kulaumu dari, ambayo haipo.

Umbo hili limetoka wapi? Jibu la haraka ni "pwani", na ni kweli, ila si pwani ya makumbusho. Nyumba za mawe za Lamu zilipangwa kwa tabaka: unavuka daka, unavuka kiwanda, unapita msana mmoja na mwingine, na kadiri unavyozama ndani ndivyo unavyoingia kwenye siri ya familia. Chumba cha nyuma kabisa hakifikiki bila kupita cha mbele. Ile ni nyumba ya ukoo mmoja wenye mali na heshima ya kulinda. Nyumba ya Kariakoo imefanya kinyume. Imepasua katikati kwa korido, ikampa kila mlalaji mlango wake. Mtu anaweza kukaa chumba cha tatu kulia mwaka mzima bila kukanyaga cha pili. Hiyo si nyumba ya ukoo tena, hata kama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele na wanawe. Ni nyumba ya kupangisha. Korido ndiyo iliyoleta kodi.

Hapa ndipo historia ya mji inapoingia. Dar es Salaam si mji wa kale. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga miaka ya 1860 pembeni ya kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa nusu. Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891 walikuja na sheria ya ujenzi iliyougawa mji kwa kanda. Upande wa mashariki, kando ya bahari, nyumba za Kizungu. Katikati, majengo ya kudumu. Magharibi, nyumba za udongo na makuti. Ukiisoma juu juu ni sheria ya matofali na chokaa. Haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, maana bei ya matofali ilifanya kazi hiyo yenyewe. Waingereza nao walipokuja waliendeleza mgawanyo ule ule, na wenyeji wakaupa majina ambayo bado tunayo mdomoni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mpana usiojengwa. Tunauita Mnazi Mmoja, tunapigia picha za harusi, na wachache wanakumbuka kwamba ule uwazi ulikuwa ukuta.

Eneo la Kariakoo lenyewe Wajerumani walianza kulikata viwanja muda mfupi kabla ya Vita ya Kwanza. Vita vikawakuta njiani. Septemba 1916 jeshi la Uingereza likaingia mjini na kuweka hapo kambi ya wapagazi, wale wanaume waliobebeshwa risasi na unga kwa maelfu kwa maelfu na kufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo ya watu ikafanya kazi yake, na jina likawa Kariakoo. Nairobi wana Kariokor yao, jina lile lile kwa matamshi mengine. Sanamu ya Askari pale Samora, ya mwaka 1927, imemweka askari juu na bunduki. Mpagazi amebaki kwenye jina la soko.

Kwa hiyo ukitazama ramani ya Kariakoo, ile mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu, unatazama amri ya serikali. Serikali ilitoa kiwanja. Nyumba ulijenga mwenyewe. Ardhi yote, kwa sheria ya 1923, ilikuwa chini ya Gavana, na mwenye kiwanja alikuwa na haki ya kukalia tu. Unajengaje kwenye ardhi ambayo si yako? Unajenga kwa kitu ambacho hakitakuumiza sana ukinyang'anywa. Boriti za mikoko, fito, udongo wa kukandika, makuti juu. Mafundi walikuwa wengi, majirani walisaidia, na nyumba ilisimama kwa gharama ambayo mpagazi mstaafu au mpishi wa Kizungu aliweza kuimudu kidogo kidogo.

Kisha ikaanza kukomaa polepole. Hili ndilo ninalolipenda zaidi katika hadithi yote. Makuti yakiisha, unaezeka debe za mafuta ya taa zilizopasuliwa na kunyooshwa. Debe zikishika kutu, unanunua bati, mbili mwezi huu, tatu mwezi ujao. Udongo unapigwa lipu ya chokaa, baadaye ya sementi. Ukuta mmoja unabomolewa na kujengwa kwa tofali huku watu wamelala upande wa pili. Miaka 40 ikipita, nyumba ya udongo imegeuka ya tofali bila kuhama ilipo na bila kubadili ramani. Nilipochokonoa ukuta wa chumba cha pili kushoto kwa ncha ya kalamu (Shangazi alikuwa jikoni), chini ya lipu nilikuta udongo mwekundu na fito. Chumba kinachofuata ni tofali tupu. Nyumba moja, rika mbili.

Niliwahi kumweleza haya rafiki yangu aliyesoma usanifu Uingereza, akacheka, akasema nimeelezea nyumba za London. Alikuwa na maana ya zile nyumba ndefu nyembamba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za enzi ya wafalme walioitwa George, karne ya 18. Nikaenda kusoma. Kumbe nazo zilizaliwa na kiwanja na sheria. Mwenye ardhi alibaki mwenye ardhi. Mjenzi alipewa kiwanja chembamba kwa mkataba wa miaka kadhaa, akapandisha nyumba kwenda juu na nyuma kwa sababu uso wa barabara ulikuwa ghali. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1774 ilizipanga nyumba kwa madaraja manne kufuatana na ukubwa na thamani, ikaeleza mpaka unene wa kuta. Ndiyo maana mitaa yao inafanana. Hakuna msanifu mmoja aliyeketi akaota ule mtaa mzima, kama ambavyo hakuna aliyeota Mtaa wa Sikukuu.

Tofauti ni kilichofuata. Mitaa ya Spitalfields, mashariki mwa London, ilijengwa wakati wafumaji wa hariri waliokimbia Ufaransa walikuwa wamejazana huko. Baadaye wakaingia Wayahudi, baadaye Wabangali, chumba kwa chumba, kodi kwa kodi, mpaka nyumba zikachoka kabisa. Mwaka 1977 wakati tingatinga linasubiri, vijana wapenda majengo waliingia kwenye nyumba za Elder Street wakagoma kutoka. Leo nyumba zile ni za matajiri. Sisemi huo ni ushindi. Mpangaji wa chumba hakubaki pale, tofali ndilo lililobaki.

Turudi kwetu, kwa wapangaji. Afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, J.A.K. Leslie, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mwaka 1956 na 1957, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963. Ni kitabu cha mkoloni, kina macho ya mkoloni, lakini mtu yule aliingia nyumba hizi na kuhesabu. Alichokiona ni kwamba nyumba ya vyumba sita ilikuwa uchumi kamili: mwenye nyumba anakaa humo na kupangisha vyumba vilivyobaki, na mgeni kutoka Mahenge au Songea anashuka kwenye lori, anauliza ndugu, anapewa kona ya mkeka, na baada ya miezi anapata chumba chake. Nyumba ndiyo iliyomfundisha mgeni mji. Alifika Mngoni au Mluguru, na kwa kuchota maji kwenye bomba moja, kufagia ua kwa zamu, kusalimiana kila asubuhi na watu wa vyumba vitano, akajikuta anaota ndoto kwa Kiswahili. Nasoma makala nyingi kuhusu kuenea kwa lugha yetu, shule, redio, siasa. Sijaona inayoitaja korido.

Na wenye nyumba hawakuwa wanaume peke yao. Bibi alinunua yake kwa pesa ya maandazi na vikoba vya enzi zile, kuchezeana upatu. Mwanamke aliyeachika, mjane, au asiyetaka kuolewa tena, nyumba ya vyumba sita ilimpa kauli. Alikaa chumba cha mbele kulia, dirisha lake linatazama barabara, na tarehe 1 ya mwezi alikaa kitandani mlango wazi, wapangaji wakawa wanakuja mmoja mmoja.

Siasa nayo ilipita humo humo. Ofisi ya African Association ilikuwa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliacha kazi ya ualimu Pugu, na kwa maelezo ya mwanahistoria Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, alipokelewa nyumbani kwa Abdulwahid hapa hapa Kariakoo. Ukizisoma kumbukumbu za miaka ile, mikutano mingi inafanyika barazani, sebuleni, uani. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma, ambavyo vilikuwa na viongozi wao, sare zao na nyua zao za kukutania. Ua una faida kwa siasa ya namna hiyo. Una mlango wa nyuma, na askari akija anakuta wanawake wanaosha vyombo.

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja kulikuwa na nyumba ya aina nyingine, nayo nitaipita haraka ingawa inastahili makala yake: duka chini, familia juu, roshani ya chuma au zege, na pale juu kabisa mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe. Anayetaka kuijua kwa ndani asome M.G. Vassanji, riwaya ya The Gunny Sack na hadithi za Uhuru Street, mtaa ambao zamani uliitwa Kichwele. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na mengi yalikuwa haya. Yakaenda kwa msajili, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za udongo za Kariakoo hazikufika thamani hiyo. Zikapona kwa umaskini wake.

Na kuna kipindi zilionekana kama zitashinda. Shirika la Nyumba, lililoundwa mwaka 1962, lilipoanza kubomoa nyumba mbovu na kujenga mpya sehemu kama Magomeni, nyingi ya zile mpya zilifuata ramani ile ile ya vyumba na korido, safari hii kwa tofali za sementi. Wataalamu walikuwa na vitabu vya nyumba kutoka dunia nzima. Watu walitaka korido.

Kilichoimaliza Kariakoo ni biashara. Soko jipya la Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa mwanzo nchini, lilifunguliwa na Mwalimu mwaka 1975. Lile paa la miavuli ya zege lilikusanya maji ya mvua na kuyashusha chini kwenye tangi, kazi ambayo bibi alikuwa anaifanya kwa bati na pipa. (Lilipoungua Julai 2021 nilisimama Mtaa wa Swahili na maelfu ya wengine, na nilishangaa kuona wanaume wazima wanalia kwa ajili ya jengo.) Kisha ukaja ulegezaji wa biashara, mitumba, makontena ya Dubai na Guangzhou, na ukuta wa barabarani wa kila nyumba ukageuka dhahabu. Kwanza baraza ikawekewa meza. Kisha chumba cha mbele kikatobolewa mlango wa kuviringisha, kikaitwa fremu. Fremu moja ikaanza kulipa kwa mwezi kuliko vyumba vitano kwa mwaka. Baada ya hapo tofali la nyumba halikuwa na maana tena, maana ilikuwa kwenye kiwanja.

Ndipo wakaja wawekezaji na mkataba unaojulikana na kila ukoo wa Kariakoo: wewe leta kiwanja, mimi naleta pesa, tunapandisha ghorofa kumi na kitu, tunagawana sakafu. Sheria ya 2008 iliyoruhusu mtu kumiliki kipande cha jengo ikarahisisha mambo. Ukoo uliokuwa na vyumba sita na warithi 14 ukaona njia ya kugawana bila kuuana. Siwezi kuwalaumu. Nyumba haigawanyiki kwa 14, pesa inagawanyika.

Na sheria ya kuhifadhi je? Hapa nilicheka peke yangu ofisini. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mji wa Majid ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchimbiwa misingi. Kwa hiyo Dar es Salaam karibu yote ilizaliwa ikiwa imechelewa, na jengo lolote hapa linahitaji waziri alitangaze ndipo lipate kinga. Lakini sheria hiyo hiyo inavilinda vitu fulani vya baadaye, na kimojawapo ni mlango wa mbao na fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Yaani mlango una haki ambayo nyumba yake haina.

Nikamwendea Shangazi na habari hii mbio. Mlango wa bibi ni wa mninga, mabawa mawili, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati, kuna maua matatu yaliyochongwa na mtu asiye na haraka. Bibi alikuwa akisema aliukuta alipoinunua nyumba. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo serikali itakuja kuulinda mlango."

"Kisheria, ndiyo."

"Na choo?"

Choo hicho ni shimo, na mvua za masika likijaa linarudi uani. Paa linavuja sehemu saba. Nilizihesabu kwa mabeseni. Umeme ni waya mmoja uliogawanywa mpaka umechoka. Shangazi ana miaka 68 na magoti mabovu, na kwa miaka 20 amekuwa akivuka ua usiku na tochi. Mimi ninayeililia korido nakaa kwenye nyumba ya kupanga Sinza, choo ndani, maji ya moto ya kuwasha swichi. Niliona aibu kidogo, nikarudisha tepu mfukoni.

Lakini naye alikuwa na hofu yake, ila si ya historia. Mwaka 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 lilianguka jingine, hapa Kariakoo, watu wakiwa madukani, na kwa siku kadhaa tulisikiliza kama kuna sauti chini ya zege. Shangazi alikuwa akipeleka maji kwa waokoaji. "Hii nyumba yangu ikianguka," aliniambia, "nitapata vumbi. Nitajipangusa." Ndiyo iliyomfanya achelewe kusaini, si mlango wala baraza. Alitaka kumjua mhandisi. Alitaka kuona karatasi ya udongo uliopimwa. Mwekezaji alikuja mara tatu na soda. Mara ya nne alikuja na mhandisi, kijana mpole, aliyeketi barazani saa mbili nzima akimchorea nguzo kwenye daftari langu, kurasa zilizobaki.

Wapangaji walipewa miezi mitatu. Mzee wa chumba cha pili kushoto, chumba chenye fito, alikuwa humo tangu mwaka 1984. Alikuja akiwa kuli wa soko, akazeekea pale. Watoto wa bibi walimwita mjomba. Mkataba hauna neno mjomba. Shangazi na ndugu zake walichanga kitu, akahamia kwa mwanawe Chanika. Siku ya kuondoka alibeba godoro kichwani, akapita korido mpaka mlango wa mbele, kisha akarudi kuchukua msumari wa kutundikia koti. Akaung'oa kwa meno ya nyundo, akautia mfukoni.

Shangazi alisaini mwezi wa tisa. Aligoma kupewa nyumba ghorofa ya sita. Alichukua fremu moja ya chini na pesa, akasema magoti yake hayasubiri lifti ya mtu. Mafundi walipokuja kubomoa, jambo la kwanza walilofanya ni kuondoa bati, na kwa mara ya kwanza jua likaingia vyumba vyote sita kwa wakati mmoja. Walimaliza kwa siku mbili. Mnunuzi wa milango kutoka upande wa hoteli alikuwa ameshafika bei, nzuri tu, na hakuuliza mwaka.

Hakuupata. Mlango uko Kitunda, umeegemezwa nyuma ya nyumba ya binti wa Shangazi, umefunikwa turubai la bluu, na matofali mawili chini yake usiguse maji. Nilipokwenda mwezi uliopita nilimuuliza atauweka wapi, maana nyumba ile ina geti la chuma. Akasema bado hajajua. Komeo na kufuli lake vimo kabatini, na ufunguo ameufunga kwenye ncha ya khanga.